Jina la Sita

Jumanne moja ya Oktoba 1997, asubuhi tulivu kabisa, kompyuta ya Rushabh iligoma. Wala haikugoma kwa kishindo. Ilitoa kibao cha kijivu katikati ya kioo kusema diski imejaa, na kila mpiga chapa wake, Sikujua, alipojaribu kuhifadhi kazi, kibao kikarudi palepale.

Miaka hiyo kompyuta za Shinyanga mjini ulizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiza. Rushabh, mtoto wa mzee Ishwarlal wa duka la vitambaa, aliipata hiyo ya mtumba kutoka Nairobi, akaiweka katika chumba cha ubavuni mwa duka la baba yake, akaajiri mpiga chapa mmoja. Huyo ndiye Sikujua, Mama Shadya kama tulivyomwita mtaani. Alichapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi, risala za mahafali. Vidole vilikuwa vyepesi, na mdomo nao haukuwa mzito.

"Mama Shadya, Jumatatu walimu wanaleta mitihani ya tarafa nzima," Rushabh akamwambia. "Ikifika Ijumaa jioni nataka nafasi humo. Toa takataka zako zote."

"Takataka zangu? Kwani mimi ndiye ninayeoa kila Jumamosi?"

Rushabh akacheka, akavuta kiti. Alimwonyesha kitu ambacho Sikujua hakuwa akikijua. Kwamba faili ukilifuta haliendi popote. Linahamia kwenye pipa, hako kapicha ka pembeni, na humo linaendelea kula nafasi ileile mpaka umwage pipa lenyewe.

"Kumbe mgeni nikimfukuza sebuleni anahamia jikoni?"

"Na ugali wako anakula vilevile," Rushabh akasema, akaenda zake dukani kuuza khanga.

Basi Sikujua akaanza kufuta. Harusi za mwaka jana, zikaenda. Mihtasari ya chama cha ushirika, ikaenda. Alikuwa anaimbaimba kidogo, maana kufuta ni kazi tamu. Kisha akalifikia faili moja dogo lililoandikwa KURA, na wimbo ukamkatikia kooni.

Hilo faili lilikuwa la mwezi Machi. Siku hiyo aliingia mzee mmoja wa makamo, ameegesha baiskeli mlangoni, amekumbatia chungu kilichofungwa kitambaa. Jina lake Maduhu, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya kijiji kimoja nyuma ya Mhunze.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma. "Nimeleta kula za kijiji."

Sikujua, masikini, alidhani ni chakula. Alijua mzee ana lafudhi ya Kisukuma, ya kugeuza r kuwa l, lakini chungu kile kilimpoteza. Akafungua kitambaa kwa tabasamu. Ndani mlikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa, zaidi ya mia.

Zilikuwa kura za kutaja wachawi. Mvua zilikuwa zimekataa, ng'ombe wamekufa, na mpiga ramli wao alisema wachawi wako sita. Sita, si watano, si saba. Watu wakapiga kura ya siri. Ila waliogopana kuzihesabu wenyewe, wakaona bora zipelekwe mjini kwa mpiga chapa asiyemjua mtu. Ahesabu, achape majina sita yaliyopata nyingi, azichome karatasi. Maduhu kusoma hakujua. Alichojua ni kuhesabu mistari.

Tatizo ni kwamba mpiga chapa huyu alikuwa anamjua mtu. Kijiji kile ndicho alikozaliwa. Maduhu hakuwa na habari hiyo kwa kuwa alihamia na mifugo yake juzi tu, na Sikujua aliolewa mjini miaka mingi nyuma. Akafungua karatasi ya kwanza. Mageni. Ya pili, Mageni. Kura thelathini na saba zilikuwa na jina la Mageni, mjane wa Maganga, mwenye macho mekundu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia. Mama yake mzazi.

Maduhu yuko mlangoni, anasokota tumbaku yake.

Sikujua akazichukua zile thelathini na saba, akaenda nazo chooni, akarudi mikono mitupu. Lakini mistari ilitakiwa sita. Watano walikuwepo, na hao, tuseme ukweli hata kama ni dada yetu, aliwachapa bila mkono kutetemeka. Karatasi zilizobaki zilikuwa kura moja moja, za chuki za hapa na pale. Kumwandika mmojawapo ni kumuua mtu asiye na kesi. Akafikiri, akajiona ana akili. Akamwandika marehemu. Wande Maganga, bibi yake mzaa baba, aliyekufa mwaka sabini na tisa. Watamfanya nini mtu aliyekwisha kufa?

Akili za mjini hizo. Mtu aliyezoea lami husahau kwamba kwao wafu hawahami.

Wiki ya Pasaka, wawili kati ya wale watano walikatwa mapanga. Watatu wakakimbilia Geita kwa watoto wao wanaochimba dhahabu, ambako hakuna anayeuliza mtu katoka wapi. Na la sita? Lilisomwa mbele ya mkutano, watu wakatazamana. Kila mmoja alijua yeye hakumwandika Wande, na kila mmoja akadhani mwenzake amemwandika. Mpiga ramli akasema basi huyo anatembea. Wakaenda na majembe nyumbani kwa Mageni, wakafukua kaburi la Wande uani, wakakusanya mifupa kwenye gunia, wakaitupa ng'ambo ya mto. Shimo wakaliacha wazi. Hakuna aliyethubutu kulifukia.

Mageni alimsimulia mwanawe haya mwezi wa nne, amekaa ukingoni mwa lile shimo. "Mama mkwe wangu alinipokea nina miaka kumi na minne," alisema. "Nimemuosha mwenyewe alipokufa. Ni nani alimwandika?"

"Sijui, mama."

"Na yeye ndiye aliyekupa jina," Mageni akasema. "Ulipozaliwa baba yako alikuwa safarini. Aliporudi akaulizwa mbona hukuja, akasema sikujua. Bibi yako akacheka, akakuita hivyo."

Sikujua akala ugali, akapanda gari, akarudi mjini.

Ndiyo maana Jumanne ile wimbo ulimkatikia. Akalifuta faili la KURA haraka, akamwaga pipa, akashukuru. Alasiri akaangalia nafasi. Ilikuwa imepungua kuliko asubuhi. Akafungua pipa. Faili la KURA lilikuwemo, peke yake, na tarehe ya kufutwa iliyoandikwa pembeni haikuwa ya leo. Ilikuwa ya Aprili, mwezi ule wa kufukuliwa kaburi.

Akamwaga tena. Akazima mashine, akaenda kumpikia Shadya.

Jumatano alipoiwasha, pipa lilikuwa limefura. KURA, KURA, KURA, mistari imeshuka hadi chini ya kioo na kuendelea. Faili la ukurasa mmoja, sasa kila moja lilikuwa na uzito wa kitabu kizima. Kwenye pipa faili halifunguki, ni lazima ulirudishe kwanza. Akalirudisha moja, akalifungua.

Mistari sita. Mitano ya kwanza haikuwa na kitu. Wa sita uliandikwa Wande Maganga. Chini yake, kurasa na kurasa, maneno yaleyale bila nukta wala mkato.

NAFASI YANGU IKO WAPI NAFASI YANGU IKO WAPI

Rushabh alikuwa anaingia na vikombe viwili vya chai. Akasoma akiwa amesimama.

"Nani ameandika hii?"

"Si mimi."

Aliteremsha vikombe polepole. Huyu bwana alizaliwa Shinyanga, Kisukuma anakijua sawa na Sikujua, na alijua pia mambo ambayo mtu haulizi. Akanong'ona, "Funga, Mama Shadya. Futa. Sitaki kujua ni ya nani." Chai yake akaiacha pale, ikapoa.

Alhamisi, kama saa tatu, kengele ya baiskeli ikalia nje. Maduhu. Safari hii hakuwa na chungu.

"Watu wameanza kuulizana, mayu," akasema kwa sauti ya chini. "Tumepita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemwandika yule marehemu. Hata mmoja. Sasa jina lilitoka wapi?"

"Mimi nilichapa nilichokuta."

"Ndivyo nilivyowaambia. Lakini kesho saa tano nakuja na mwalimu Gregory. Yeye anasoma. Anasema mashine haisahau, ile orodha ya kwanza bado imo ndani. Tunataka kuiona."

Alipoondoka Sikujua alivuta pumzi. Wakija wataona nini? Wataona jina la Wande tu, na karatasi zilishaozea chooni. Akalifungua faili ahakikishe. Nafasi yangu iko wapi, zote zile, zilikuwa zimeondoka. Ukurasa ulikuwa safi. Mstari wa sita ulikuwa na jina la Wande, na chini ya jina, herufi ndogo, mstari mmoja mpya.

Hapa palikuwa pa Mageni.

Ee Mungu wangu. Akaufuta mstari huo. Ukarudi. Akalifuta faili lote, akamwaga pipa. Likarudi. Siku nzima alifanya kazi hiyo moja, jasho linamtoka kwapani na feni inazunguka. Akifuta, linakuja. Akimwaga, linajaa. Kesho saa tano mwalimu atasoma, Maduhu atasikia, na jioni watu watakuwa uani kwa mama yake na mapanga. Alijua kabisa yatakuwaje. Wale wawili wa Pasaka aliwachapa mwenyewe.

Akafikiria kwenda usiku huohuo kumchukua mama. Gari la Mhunze lilikuwa limeshaondoka, na mama mwenyewe angekataa kulala mjini, kama alivyokataa miaka yote kwa kisingizio cha kuku. Kwa hiyo tegemeo likabaki kwenye kile kioo.

Ijumaa saa moja na nusu alikuwa kwenye kiti. Saa mbili, saa tatu, yuleyule. Saa nne na dakika ishirini alizichagua KURA zote kwa mpigo, akabonyeza.

Kwa kawaida mashine huuliza kwa Kiingereza, una hakika? Sikujua alikuwa ameuona ule ubao mara elfu, hata hausomi tena. Safari hii akausoma.

Una hakika unataka kumfuta?

Kiswahili. Mashine ile haikujua Kiswahili. Hakuna aliyewahi kuifundisha. Akalisoma neno moja moja. Haikusema kulifuta, kama mtu anavyosema kwa faili. Haikusema kuzifuta. Imesema kumfuta. Kumfuta nani? Haikutaja.

Vitufe viwili. Ndiyo. Hapana.

Nisamehe bibi, akanong'ona. Wewe umekwisha kufa. Mama yangu yuko hai.

Nje, kengele ya baiskeli. Wamewahi. Sauti ya Maduhu inamsalimia mzee Ishwarlal, na sauti nyingine, ya kisomi. Miguu kwenye ngazi.

Akabonyeza Ndiyo.

Hapakuwa na kelele. Diski ilikoroma kidogo, taa ndogo ya kijani ikawaka, ikazimika. Akafungua pipa. Tupu. Akaangalia nafasi. Nafasi tele, kuliko hata siku mashine ilipokuja.

Mwalimu Gregory alikaa mbele ya kioo nusu saa nzima, akatafuta, akatafutiwa. Hakuna. "Ilijaa, mwalimu, ikabidi tusafishe," Sikujua akaeleza, na Rushabh kutoka mlangoni akaitikia kwamba ni kweli, amri ilikuwa yake. Maduhu akamtazama mama huyu kwa muda. Halafu akachukua kofia yake. Walipoondoka, Sikujua alilia kwa furaha mpaka Rushabh akamruhusu aende nyumbani mapema.

Jumamosi asubuhi alipanda gari la Mhunze na kilo mbili za sukari na khanga mpya ya mama. Alishuka, akatembea ile njia ya vumbi anacheka peke yake. Mama amepona. Basi, yamekwisha.

Uani palikuwa pamefagiwa. Lile shimo halikuwepo. Lilikuwa limefukiwa, limesawazishwa, na juu limesiribwa udongo mbichi wenye alama za viganja. Viganja vidogo, vya mwanamke. Akasimama. Nani amefukia? Na amefukia nini?

Mama yake alikuwa kizingitini, amenyoosha miguu juani. Gauni lilelile. Macho yaleyale mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akadhani amesikia vibaya. Akachuchumaa, akamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi na juani pale palichoma.

"Mama, ni mimi."

"Nakujua. Bado wanakuita lile jina nililokupa?"

Kuku walikuwa wamekusanyika mbali, ukutani, hawasogei. Sikujua akatazama udongo mbichi. Akamtazama huyu aliyekaa kizingitini.

"Mama yuko wapi?"

Yule mzee akainama karibu, akasema kwa sauti ya upole kabisa, ya mtu asiye na kinyongo.

"Si uliulizwa? Si ulisema ndiyo?"

Majirani wanasema ni uzee. Wanasema Mageni kachanganyikiwa tangu kaburi lifukuliwe, ndiyo maana anajiita Wande na kuwaita wajukuu watu aliowazaa. Sikujua hawabishii. Kubishana kungetaka aeleze lile shimo lina nani, na kwa jembe gani angethubutu kuhakikisha? Ameendelea kupeleka sukari. Anasalimia shikamoo bibi, anaitikiwa marahaba. Kilichomuua moyo ni kwamba bibi ni mwema, hana ubaya wowote, anamuuliza habari za Shadya na kumbariki. Mtu mwema kakaa mahali pa mama yake, na aliyempisha ni yeye. Huwezi hata kumchukia. Unabaki kujichukia mwenyewe, asubuhi na jioni.

Ile Jumatatu walimu walileta mitihani, na mashine ikafanya kazi vizuri ajabu. Jioni, alipomaliza, Sikujua alifungua pipa kwa mazoea. Mlikuwa na faili moja ambalo hakuwahi kuliandika. Jina lake MAGENI. Limefutwa Ijumaa, saa nne na dakika ishirini. Ukubwa, sifuri.

Akalirudisha. Akalifungua. Ukurasa mweupe, hata nukta hauna. Akakaa nalo wazi mbele yake, akaongea nalo kidogo, akalihifadhi, akaenda nyumbani. Kesho yake akalikuta pipani.

Rushabh alipoleta mashine mpya alimpa Sikujua ile kuukuu, bila kumuuliza ya nini. Iko chumbani kwake, imefunikwa khanga mpya ambayo haikuvaliwa na mtu. Shadya haruhusiwi kuigusa. Kila asubuhi kabla ya kazi Sikujua huiwasha, humtoa mama yake pipani, humfungulia ukurasa wake mweupe. Hakuna mkono mwingine unaoigusa mashine hiyo, na mlango anaufunga kwa kufuli. Lakini akirudi jioni humkuta amefutwa tena, na saa iliyoandikwa pembeni ni ya mchana wa siku hiyohiyo.